Barua ya wazi kwa wenye mamlaka juu ya hori la mji wetu: rudisheni maji kwanza, kupanda baadaye

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mazingira, misitu, mifereji, njia na mipango ya mji,
Lamu.

Waheshimiwa,

KUH: MIKOKO INAYOKUFA KATIKA HORI LILILO NYUMA YA MITAA YETU

Baada ya salamu na heshima zenu. Barua hii tumeitoa hadharani kwa sababu zile tulizoleta maofisini zilipokewa, zikapigwa muhuri, na mpaka leo hazijajibiwa. Wajumbe wetu walipofika kuuliza waliambiwa wasubiri. Mikoko haisubiri. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, ukizikwa mizizi hufa polepole, na siku majani yake yanapoanza kuwa ya manjano, muda wa kuuokoa huwa umebaki mfupi.

Tunaoandika ni wakataji boriti wenye leseni, wavuvi wa kaa na kamba, mafundi wa majahazi, na kina mama wanaotunza vitalu vya miche. Hatupingi maendeleo. Lile tuta la njia linalokata hori, mkono huu wa bahari unaoingia nchi kavu, tuliliomba sisi wenyewe, maana wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, watoto wa shule walikuwa hawawezi kuvuka bila kulowa. Malalamiko yetu ni jinsi kazi ilivyofanywa. Hori lilishughulikiwa kama mtaro wa maji ya mvua, ambao maji yake huenda upande mmoja tu. Maji ya hori huingia na kutoka mara mbili kila siku, na kila mti uliomo unaishi kwa hesabu ya maji hayo.

Hesabu hiyo tutaieleza kwanza, kwa sababu kila hoja inayofuata imesimama juu yake. Bamvua kwetu hupandisha na kushusha bahari kiasi cha mita 3. Mikoko huota katika nusu ya juu tu ya kimo hicho, yaani ukanda wa mita moja na nusu hivi kwenda juu. Ndani ya ukanda huo kila mti una daraja yake. Mlilana husimama mbele, unapogeukia bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayojipinda kama matao, kisha muia, kisha mkandaa kwenye tope gumu linalofikiwa na maji makubwa tu. Mchu huvumilia mbele na nyuma, ila ule wa nyuma huwa mfupi. Kikandaa hukaa pembeni kabisa, karibu na nchi kavu. Ukipandisha ardhi kwa shubiri moja, au ukizuia maji yasifike kimo kilekile, umebadilisha mti unaoweza kuishi hapo. Wala hahitajiki mtu wa kuukata.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kalvati ni dogo, na limewekwa juu mno.

Kabla ya tuta, hori lilikuwa na upana wa mita 6 hivi pale njia inapopita, na kina cha mita moja maji yakijaa. Hiyo ni nafasi ya mita za mraba 6. Mahali pake pamelazwa mabomba mawili ya kipenyo cha sentimita 60. Fundi yeyote atawapigia hesabu: bomba moja lina nafasi ya mita za mraba 0.28, mawili ni 0.57. Maji yaliyokuwa yakipita kwenye mlango mzima sasa yanapita kwenye sehemu isiyofika moja ya kumi yake. Na hapo tumechukulia kwamba mabomba hayajaziba, ilhali moja limejaa mchanga na chupa za plastiki hadi nusu.

Midomo ya mabomba nayo imeinuliwa juu ya sakafu ya hori. Kwa hiyo maji yakipwa, yaliyobaki ndani hayatoki yote. Yanatuama.

Matokeo yake ni ya aina mbili, na mtu akiyaona pamoja anaweza kudhani yanapingana. Chini, karibu na tuta, michu imekaa ndani ya maji yasiyokauka. Mchu hupumulia vile vijiti vinavyochomoza matopeni kama penseli. Maji yanapokupwa, vijiti hivyo huvuta hewa na kuipeleka kwenye mizizi iliyo chini ya tope lisilo na hewa. Vikifunikwa na maji mchana na usiku, wiki baada ya wiki, mti hukosa pumzi. Juu, mwisho wa hori, mambo ni kinyume: bamvua haifiki tena inapopaswa kufika. Maji machache yanayofika hukaushwa na jua, chumvi ikabaki, na mwezi unaofuata hakuna maji mengi ya kuiosha. Mikandaa ya huko imeanza kukauka kuanzia kwenye ncha, na mahali pengine pamebaki uwanja mweupe usio na jani.

Ushahidi mwingine hauhitaji kipimo. Karibu na mfereji wa maji ya mitaa pameota mafunjo na matete. Mimea hiyo haistahimili maji ya bahari yanayopita mara kwa mara. Inapositawi ndani ya hori, jueni kwamba bahari imefungiwa nje.

Mkitaka vipimo, ni kazi ya siku moja. Pigilieni vigingi viwili vilivyochorwa sentimita, kimoja upande wa bahari wa tuta na kimoja upande wa ndani, na mafundi wavilinganishe kimo kwa pima maji ya mpira. Chagueni siku ya bamvua, baada ya mwezi kuandama au ukiwa mpevu. Someni vigingi vyote viwili kila dakika 15 kwa saa 13, ili mpate kujaa na kupwa kwa ukamilifu. Maji ya ndani yakifika kilele chini ya yale ya nje, au yakichelewa sana kushuka, kalvati halitoshi. Tuko tayari kukishika kigingi kimoja, na maofisa wenu washike cha pili.

2. Tope lililozolewa lilimwagwa juu ya mizizi.

Mkondo wa hori ulipochimbwa, tingatinga lilizoa tope na kulirundika kando, juu ya michu hai. Pengine rundo linafika magotini. Penseli za mchu haziinuki sana juu ya tope. Safu ya sentimita 10 au zaidi inayomwagwa kwa mkupuo inatosha kuudhoofisha mti au kuuua. Pwani yetu imeshaliona jambo hili kwa kiwango kikubwa: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha mchanga mwingi katika hori la Mwache, Mombasa, na mikoko mingi ikafa imesimama. Kule ilikuwa mvua. Hapa ni kazi iliyopangwa na kulipiwa.

Kuna dhara la pili lisiloonekana siku ya kwanza. Tope jeusi la mikokoni, lile linalonuka mayai viza, limekaa chini ya maji bila hewa kwa miaka mingi. Likirundikwa juani likakauka, hewa inayoingia ndani yake huweza kulitia uchachu mkali, yaani asidi, na mvua ikinyesha uchachu huo hushuka horini. Alama zake ni michirizi ya manjano na rangi ya kutu kwenye nyufa za rundo, na ardhi inayobaki tupu wakati pembeni mna majani. Tazameni marundo yaliyo karibu na tuta.

Tena marundo hayo yamekuwa kitalu cha mathenge. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973, ukaanzia kwenye machimbo ya Bamburi, na tangu hapo umekwenda mahali pengi ambapo hakuna aliyeuita. Maganda yake ni matamu, punda na mbuzi wanayala, na mbegu hutoka salama kwenye kinyesi chao. Katika mji wenye punda kama wetu, rundo moja lenye mathenge ni chanzo cha mathenge kila uchochoro. Miche iliyopo sasa bado inang'oleka. Ikishashika, kuikata juu ya ardhi ni kuichochea. Lazima kuchimba na kuikata shina chini ya uso wa ardhi, sentimita 20 hadi 30, la sivyo inachipua vichwa vitano mahali pa kimoja.

3. Ukuta wa wima uliojengwa kando ya hori umeifuta kingo.

Hapa hatutasema mengi, hesabu inatosha. Ukanda wa mikoko ni mita moja na nusu kwenda juu. Kingo yenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 20 inaupa ukanda huo upana wa mita 30. Mteremko mkali, mita 1 kwa mita 3, unaupa mita 4 na nusu, na bado miti itashika. Ukuta wa wima unaupa sifuri. Na wimbi linalogonga ukuta hurudi na nguvu zake, likachimba mguu wa ukuta huohuo. Ufa ulioanza upande wa kusini umetokana na hilo.

4. Miche ilipandwa mahali pasipofaa, ikahesabiwa kuwa fidia.

Jambo hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu kazi ya mikono ilikuwa yetu. Baada ya malalamiko ya mwanzo, ililetwa shughuli ya kupanda. Palichaguliwa uwanja wa tope ulio wazi mbele ya mdomo wa hori, kwa kuwa ulikuwa mtupu na rahisi kupiga picha. Kina mama wa vitalu walisema palepale kwamba pako chini mno. Uwanja wa tope ambao haujawahi kuota mti kwa vizazi una sababu yake: maji hukaa juu yake saa nyingi kupita uwezo wa mche.

Uliopandwa ni mkoko mtupu, kwa mistari, mita moja kwa mita moja. Nafasi hiyo ni miche 10,000 kwa hekta, na ni nafasi ya shamba la boriti mahali penye kimo sahihi. Mkoko hupendwa na wapandaji kwa sababu mche wake ni mrefu, kama mkono, na unachomekwa tu ardhini. Lakini mche haujaiva mpaka ionekane pete ya manjano pale unapoungana na tunda. Mingi ya iliyoletwa ilichumwa mibichi, ikavutwa kwa nguvu, ncha zikachubuka. Iliyobaki ilishikwa na vijidudu vya magamba magumu vinavyonata shinani, ikaelemewa, ikalala. Hivi sasa mnaona vijiti vikavu na viriba vya plastiki.

Ripoti ikasema idadi ya miche iliyopandwa. Waheshimiwa, tunaomba muwe mkihesabu iliyo hai baada ya miaka miwili.

Mahali ambapo maji yanapita sawa, kazi kubwa hufanywa na bahari yenyewe. Tunda la mchu, lenye ukubwa wa kungu, huelea, huvua gamba lake na kushika tope ndani ya siku chache likipata mahali palipotulia. Miche ya mkoko na mkandaa huja na bamvua kutoka misitu ya jirani. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mbegu hazijawahi kuwa shida yetu. Kupanda kwa mkono kubaki kwa ajili ya mapengo, na kila mti kwa daraja yake: mlilana mbele, mkoko kando ya mkondo, mkandaa juu, mchu ulioota kitaluni pale mbuzi wanapoweza kuzuiwa, maana majani ya mchu wanayapenda.

5. Mifereji ya mitaa inaishia horini bila kichujio. Mchanga wa ujenzi, mafuta ya pikipiki na mifuko huenda moja kwa moja kwenye mizizi. Mfuko mmoja uliojivika kwenye penseli za mchu huziziba kumi kwa pamoja.

Tumeshasikia majibu yenu ya mdomo, na tungependa kuyajibu hapa ili tusirudi nyuma.

Mmesema miti imemalizwa na wakataji. Mti uliokatwa huacha kisiki chenye uso wa shoka au msumeno, na mchu uliokatwa huchipua. Hii ya horini imekufa na matawi yake yote, gome linabanduka, na chini hakuna chipukizi hata moja. Mkataji haui mti namna hiyo. Twajua pia thamani ya kila kipimo, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kwa kuwa ndio riziki yetu. Vyumba vya nyumba za mawe za Amu, mji wetu wa Lamu, vilipimwa upana wake kwa urefu wa boriti, na mataruma, yaani mbavu, ya majahazi hutoka kwenye mlilana. Hakuna anayeuharibu mtaji wake.

Mmesema kalvati kubwa litaifurikisha mitaa. Hofu hii ina sehemu ya ukweli na hatutaibeza. Zipo nyumba zilizojengwa baada ya tuta, kwenye ardhi iliyokuwa ikifikiwa na bamvua. Ndiyo maana tunataka vimo vipimwe kabla ya kazi, nyumba hizo zitambuliwe, na zikingwe kwa tuta dogo la udongo upande wao. Kulikaba hori zima kwa ajili ya nyumba chache kunaleta mafuriko ya aina nyingine: mvua kubwa ya masika ikikutana na maji kujaa, maji ya mitaa hayana pa kutokea ila kupitia mabomba mawili, na moja limeziba.

Mmesema hori likiachwa wazi litaleta mbu. Mbu huzaa kwenye maji yaliyotuama. Maji yanayokupwa na kujaa huwaondoa viluwiluwi na kuingiza samaki wadogo wanaowala. Kidimbwi kilichopo nyuma ya kalvati ndicho cha kuogopwa.

Mmesema hakuna fedha. Fedha ya ukuta ilipatikana, na ya miche pia. Sehemu kubwa ya kazi tunayoomba ni ya mabeleshi na makarai, na vijana wa kuifanya wapo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na mpangilio wake uheshimiwe, kwa maana hatua ya pili haina faida bila ya kwanza.

Kwanza, mabomba yaondolewe, na mahali pake pawekwe kalvati la mraba au daraja dogo lenye upana usiopungua mita 6 za asili. Sakafu yake ishushwe sentimita 30 chini ya sakafu ya hori, ili tope la asili lilale juu yake na maji yatoke yote.

Pili, marundo ya tope yaondolewe hadi kufikia kimo cha ardhi ambamo michu iliyo hai imesimama leo. Kimo hicho ndicho kipimo, si mchoro wa ofisini. Iwe kwa mkono, wakati wa maji mafu ambapo sehemu za juu hukaa kavu, na tingatinga lisikanyage penseli. Tope lisirudishwe horini. Mathenge yang'olewe kabla ya maganda kuiva.

Tatu, vifereji vidogo vya zamani vilivyofukiwa vifunguliwe kwa kufuata njia zake za asili zenye kupinda. Msivinyooshe, maji yakipewa njia iliyonyooka hukimbia, na yanapokimbia hula kingo.

Nne, sehemu ya ukuta isiyokinga nyumba ivunjwe na kingo ilazwe, walau mita 1 kwa mita 3, na zaidi pale nafasi inaporuhusu.

Tano, kila mfereji wa mtaa uwekewe shimo la kutua mchanga na wavu wa chuma kabla haujafika horini, na visafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Mtu wa kuvisafisha atajwe, na malipo yake yajulikane.

Sita, kusiwe na upandaji wowote wa miche mpaka maji yamepita sawa kwa mwaka mmoja na tumeona kilichoota chenyewe.

Saba, tupewe nakala ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyofanywa kabla ya kuchimba mkondo, pamoja na michoro ya kalvati. Kama tathmini haikufanywa, tuambiwe hivyo kwa maandishi.

Ombi hili la mwisho si hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 42, haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 69 kinaitaka serikali ishirikishe wananchi katika kuyatunza mazingira. Misitu ya mikoko ya pwani ilitangazwa kuwa hifadhi tangu 1932. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi, katika kesi ya bandari ya Lamu, iliamua kwamba wavuvi walionyimwa haki hizo walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Hatungependa kufika huko kwa ajili ya mabomba mawili.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kutujibu kuhusu nyaraka. Kuhusu kalvati, tunaomba siku ya bamvua iliyo karibu muitaje, mje na fundi wenu, tuyapime maji pamoja. Vigingi viwili vimeshachongwa na kuchorwa. Mpira wa kupimia tunao.

Wenu kwa heshima,

Wakataji boriti, wavuvi, mafundi wa majahazi na kina mama wa vitalu vya mikoko,
Lamu.